Sifa za Mbula

Mbula alipokufa, mumewe Musembi alisimama mbele ya jeneza, kanisani Kibera, akamsifu. Akawaeleza watu wote jinsi marehemu alivyofuga wadudu wasioonekana kwa macho, wale wanaokula uchafu wa choo hadi shimo linashuka na harufu inaisha. Pumba za mahindi, molasi, maji ya vuguvugu, tope la mtoni. Hakubakisha. Maiti haisifiwi nusu.

Sasa ameketi Kawangware, kituo cha 56, ghorofani juu ya hardware, mbele ya wakili Nyawira, anayetafuta hataza ili mtu asiibe uvumbuzi wa Mbula.

"Kenya na Amerika wanatuvumilia mwaka mmoja tangu jambo lisemwe, na mwaka haujaisha. Ulaya na Uchina hawana hiyo huruma, mzee. Kitu kikishatangazwa, si kipya tena."

"Kwani nilitangaza Ulaya? Nilisema Kibera."

"Kibera pia ni hadharani."

Duncan, mtafiti wa chuo aliyewapima wale wadudu, akacheka kwa uchungu. "Hayo yalikuwa mazishi ama darasa? Sikia, video ya sifa zako ni moja tu, aliyorekodi Mukhwana. Aifute, halafu wewe useme ulimwombea tu."

"Hiyo mimi sijasikia," Nyawira akasema, akigeukia dirisha.

Musembi akateremka ngazi, magoti yakimlalamikia. Hawa wenye sheria walikuwa wapi Mbula akizungushwa ofisi hii na ile, chupa ya wadudu mkononi, akiambiwa arudi kesho? Kumbe walikuwa wanangoja afe.

Alimkuta Mukhwana, fundi viatu, kibandani kwake Kibera.

"Niaje mzee! Umerudi kuhubiri?"

Musembi akamweleza.

"Kufuta ni kubonyeza tu. Lakini jione kwanza."

Akajiona kwenye simu, ndani ya koti la kuazima. Kila alipotaja kazi moja ya Mbula, akina mama waliitikia. Alipofika kwenye tope, kanisa zima likapiga makofi. Maisha yake yote, hakuna mwenye tai aliyewahi kumpigia Mbula makofi.

"Nifute?"

"Wacha ikae."

"Na Ulaya?"

"Wakitaka, wajifugie."

Akampigia Nyawira. "Andika Kenya na Amerika. Mvumbuzi ni Mbula."

"Duncan atakasirika, mzee. Alitaka Ulaya pia."

"Akasirike. Yeye bado ana nguvu za kukasirika," akasema, akakalia benchi la wateja.