Mashine Iliyonyamaza Saa Mbili Usiku

Siku ya arobaini na nane tangu mama yao afariki, Itsuko alilitoa sanduku la kaseti kabatini, akalipangusa vumbi kwa upindo wa aproni. Kesho yake mtawa wa hekalu angekuja kusoma sala ya siku ya arobaini na tisa, kisha mifupa ya mama iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, iliyokaa wiki saba mbele ya picha yake ndani ya boksi lililofungwa kitambaa cheupe, ingepelekwa kaburini. Kabla ya hapo Itsuko alitaka jambo moja tu: kuisikia sauti ya mama yake, hata mara moja.

Hakuwa nayo popote. Kwenye simu mama alikuwa mtu wa kuitikia na kukata. Kwenye video ya harusi ya mdogo wake, Tetsuro, alionekana kwa mbali ameinamisha kichwa, mdomo umefungwa. Zilizobaki ni kaseti hizi kumi na moja. Itsuko alizirekodi akiwa na miaka kumi na minne, enzi zile za nyimbo laini, alipokuwa akiiweka rekoda sakafuni mbele ya spika ya televisheni kila Jumatatu saa mbili usiku. Rekoda ile ilizoa kila kitu kilichokuwamo nyumbani, ukitaka usitake. Lazima mama yumo mahali fulani.

Tetsuro alifika saa nane mchana, amekumbatia radio kaseti aliyoinunua duka la mitumba.

"Dada, nimekuletea mzee mwenzako. Anakohoa, lakini anafanya kazi."

"Panga viatu vyako vizuri hapo mlangoni."

"Nina miaka hamsini na nne, bado viatu!"

"Ungevipanga ukiwa na mitano, yangekwisha."

Waliwasha ubani mbele ya picha, wakaunganisha viganja kwa heshima, kisha wakakaa juu ya mito ya sakafuni. Itsuko akatumbukiza kaseti ya kwanza.

Gitaa lilianza peke yake, pole pole. Kisha akaingia mwanamke akiimba habari za kituo cha treni chenye theluji. Hakupaza sauti wala hakulialia. Aliimba kama mtu anayeongea na mgonjwa aliye karibu kulala. Itsuko aliyahisi mabega yake yakishuka, kama yalivyokuwa yakishuka zamani baada ya siku mbaya shuleni. Mara, katikati ya ubeti:

"Dada, nina njaa!"

Kikafuata kishindo cha kofi, kisha kilio.

Tetsuro aliangua kicheko mpaka akajipiga paja. "Ushahidi huo! Miaka yote nasema ulikuwa unanipiga, mkasema naota!"

"Lilikuwa kofi dogo."

"Limesikika mpaka leo, dogo gani hilo?"

Kwenye wimbo wa tatu ilisikika mashine ya kufuma. Mama alikuwa akifuma hariri nyumbani, chumba cha pili nyuma ya milango ya karatasi, kama nusu ya wanawake wa mji wao wa Kiryu miaka ile. Taka-taka, taka-taka, ikaumeza wimbo mzima. Kisha sauti kali ya msichana: "Mama! Mashine hiyo! Unaniharibia kila kitu! Wewe hujui hata muziki ni nini!"

Itsuko akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Masikio yake yalikuwa yakiwaka moto kwa aibu.

"Hakunijibu," alisema.

"Mama? Lini alimjibu mtu?"

Wakaendelea. Kuanzia kaseti ya pili nyimbo zilikuwa safi. Mpiga kinanda aliyeimba habari za bustani ya jirani. Vijana wawili walioachiana zamu kwa sauti nyororo, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Itsuko alishangaa jinsi zilivyokuwa nzuri bado, nzuri hata zaidi, kwa sababu sasa aliweza kuona ustadi uliokuwamo: hakuna aliyekuwa na haraka, hakuna aliyetaka kumshinda mwingine. Mtu unazisikiliza na pumzi yako yenyewe inapata mwendo. Lakini kaseti ya tatu ikaisha, ya tano, ya kumi. Tetsuro aliyekohoa alikuwamo. Mbwa wa jirani alikuwamo. Mama hakuwamo.

"Mimi nimejaa humu kama mende," alisema Tetsuro, akijaribu kumchekesha.

Itsuko hakucheka. "Nilimnyamazisha, Tetsu. Neno moja tu nalitafuta, na mimi ndiye niliyelifuta."

Tetsuro aliisogelea radio. Kisha akarudisha ukanda nyuma. "Sikiliza mwanzo. Kabla ya wimbo."

Walisikiliza. Kwa mbali, taka-taka, taka-taka, taka. Kimya. Ndipo gitaa likaanza. Wimbo ulipokwisha, kabla Itsuko wa zamani hajazima rekoda, taka ya kwanza ilisikika tena.

"Nilidhani anakunywa chai saa hiyo," alisema Itsuko.

"Chai gani? Alibandika ratiba ya televisheni kwenye nguzo, amezungushia nyimbo zako kalamu nyekundu. Wimbo ukikaribia kuanza, anazima mashine, ananipakata, ananiziba mdomo. Mkono wenyewe unanuka mafuta ya mashine. Mimi nikajua ni mchezo." Akatabasamu. "Na alikuwa anafumba macho, dada. Anayumba hivi, kidogo tu. Alizipenda kuliko wewe."

Itsuko aliinamia mto aliokalia. Hariri ya kijivu, na juu yake mistari hafifu iliyokatiza upana wote, mmoja hapa, mwingine shubiri mbili mbele. Tangu utotoni alidhani ni pambo. Mtu yeyote wa mji ule anajua kwamba ukisimamisha mashine katikati ya kitambaa, ukiianza tena huacha mstari. Vitambaa vya namna hiyo mchuuzi huvirudisha, na mama alivishonea mito. Na yeye, binti wa mfumi, hakuwahi kuuliza kwa nini nyumba yao ilikuwa na mito mingi kiasi kile.

Alipitisha kidole juu ya mstari mmoja, kisha mwingine.

"Imebaki moja," alisema Tetsuro.

Kaseti ya kumi na moja ilikuwa na wimbo mmoja tu, mrefu, wa mwanamke anayeosha mchele huku akimngoja mtu. Noti ya mwisho ilififia taratibu sana, na safari hii inaonekana Itsuko wa zamani alichelewa kuzima. Kikaja kimya. Ndani ya kimya hicho, nyuma ya milango ya karatasi, mtu akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeibana wimbo mzima. Kisha kwa kunong'ona, kwa upole:

"Haya, pumua."

Mashine ikaanza.

Hakuna aliyesogea. Tetsuro aliuziba mdomo wake kwa kiganja chake mwenyewe, macho yamejaa.

"Alikuwa anakwambia wewe," alisema Itsuko.

"Nimejua."

Itsuko alinyoosha mkono kurudisha ukanda, Tetsuro akamshika. "Ngoja. Ukanda wa miaka hamsini huu, ukikatika basi. Turekodi kwanza." Akatoa simu, akaiweka sakafuni mbele ya spika, akaisogeza na kuisogeza tena, kama dada yake alivyokuwa akifanya zamani.

Itsuko aliinuka. Akazima birika lililoanza kuvuma jikoni. Akasikiliza. Akachomoa waya wa friji. Akafunga dirisha, kisha akarudi kukaa juu ya mto wake.

"Usikohoe," alimwambia mdogo wake.

"Nizibe mdomo, basi."

Akamziba. Kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe, na mwanamke yule akaanza kuosha mchele wake, bila haraka. Itsuko alifumba macho wimbo wote. Ilipofika pumzi, na yale maneno mawili, Tetsuro alipumua kiganjani mwake kama alivyoambiwa. Mashine ikafuata, taka-taka, taka-taka. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima. Waliiacha ifume mpaka ukanda ulipokwisha wenyewe.