Maji Yaliporudi Liuquan

Nyumba ya Mama Dashun ilikuwa shimoni, na mwenyewe hakuona haya kusema hivyo. Zamani pale palikuwa na chemchemi, ndiyo iliyokipa kijiji chetu cha Liuquan jina lake. Nikiwa mtoto nilikwenda kufua pale na mama yangu, maji yakibubujika kutoka mchangani hata theluji ikiwa imetanda. Kisha kila shamba la ngano likachimbiwa kisima, kila kisima kikafungiwa pampu, na chemchemi ikakauka kimya kimya. Mwaka mmoja palikuwa tope, mwaka uliofuata mbuzi wakawa wanalala pale.

Mumewe, mzee Hou, alipotaka kuoa hakuwa na kiwanja. Akajenga katika lile bonde kavu. Wenzake wakamcheka.

"We Hou, bibi harusi unamtia ndani ya bakuli?"

"Bakuli tupu halimzamishi mtu," akawajibu.

Mimi duka langu liko juu ya ukingo, hatua chache kutoka kwao. Nikifungua dirisha nilikuwa naliona paa lao na pilipili zilizoanikwa juu yake. Tuliishi hivyo tangu sote wawili tulipokuwa wake wapya.

Walipata mtoto mmoja tu, Dashun. Miaka ile maji yalikuwa yanatukimbia chini ya ardhi. Kila masika watu waliunga bomba jipya, na pembeni ya kila kisima tulichimba shimo la kuishushia pampu iyafuate. Ngano ilipokuwa inadai maji yake ya mwisho, pampu ya kina Hou ikaanza kuvuta hewa. Dashun akashuka kuiteremsha zaidi. Alimwita baba yake mara moja, kisha hakusikika tena. Mule chini hewa ilikuwa mbaya, haina uhai. Mzee Hou akamfuata bila hata kufunga kamba kiunoni. Waliopita njiani wakawavuta wote wawili. Kijana alikuwa ameshakata roho. Baba alipona, kama kule ni kupona. Alikaa kwenye kitanda cha matofali, moto ukiwaka chini yake, akitazama mlango, na majira ya baridi ya pili akamfuata mwanawe. Tulimzika kando ya mwanawe kwenye shamba lao la juu.

Idara ya Maji ya mkoa ilipoanza kuziba visima, ilimtuma kwetu binti mmoja, Qiao Yanmei, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Alisimama uani kwa mwenyekiti wa kijiji akaeleza kwamba maji ya kusini yataletwa kwa mfereji, kwamba mto mkavu utafunguliwa maji yazame ardhini, na kwamba mashamba mengine yatapumzishwa ngano na mwenye shamba atafidiwa.

"Na ngano itakayobaki itakunywa nini?" akauliza mmoja nyuma. "Mate yako?"

Watu wakacheka. Mimi pia. Visima vyetu ndivyo vilivyotulisha, na ahadi za mfereji tulikuwa tumezisikia tangu enzi za baba zetu. Binti Qiao alingoja wamalize kucheka. Kabla hajafungua kinywa, Mama Dashun akainuka, mikono ameificha ndani ya mikono ya koti.

"Anzeni na changu," akasema. "Kizibeni hata leo."

Mwenyekiti, Hou Zhankui, binamu wa marehemu mumewe, akamnong'oneza, "Shemeji, kaa kwanza tuzungumze."

"Nimeshakaa sana, Zhankui."

Hakuna aliyethubutu kubishana naye. Walipoleta udongo wa mfinyanzi na saruji, aliwaomba wangoje. Akachoma ubani na karatasi za wafu pembeni ya lile shimo, akajifuta uso kwa kiganja, akawaambia, "Haya, mwageni." Baada ya hapo wengine tukaona aibu kukataa. Msimu haujaisha, vingi vikawa vimezibwa.

Maji ya kusini yalifika kweli. Nyuma ya duka langu Idara iliacha kisima kimoja chembamba cha kupimia kina cha maji, na kila mwezi binti Qiao alikuja kuteremsha utepe wake ndani. Ndiko alikoanza kuzoeana na Mama Dashun. Akimaliza kupima alishuka bondeni, akakuta tambi zinamngoja na figili za chumvi.

"Yamepanda, shangazi," alikuwa akisema hata kabla ya kuvua viatu.

"Yapande yasipande, kula. Wewe utaolewa lini?"

"Nikimaliza visima vyote vya mkoa."

"Basi utaozwa kaburini, mwanangu."

Wakicheka nilikuwa nawasikia kutoka dirishani. Wakati mwingine binti huyo alilala pale, siyo kwenye chumba cha Dashun, maana kile hakikuguswa, bali pembeni ya Mama Dashun kwenye kitanda cha moto. Nadhani ndiye mtu wa kwanza aliyemchekesha tangu msiba.

Kisha kitanda kikaacha kupata joto. Mama Dashun alipandisha kwangu akalalamika kuni zimekuwa mbovu. Nikampa za kwangu. Akarudi tena: unga umeota ukungu, na ukuta wa chumba cha kijana umelowa hadi usawa wa goti.

"Mvua hizo," nikamwambia.

"Mvua gani, mwenzangu? Paa halivuji. Inatoka chini."

Binti Qiao alipokuja mwezi ule, alishuka kama kawaida. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa Mama Dashun nikimenya vitunguu saumu. Binti akavua viatu, akakanyaga sakafu, akatulia. Akapiga magoti akaweka kiganja juu ya matofali. Yalikuwa yanatoa jasho. Akaingia chumba cha Dashun, ambako alikuwa hajaingia kamwe, akatoka, akaenda kusimama uani akitupa mgongo. Tambi zikapoa.

"Sema tu," Mama Dashun akamwambia. "Mimi si mtoto."

"Ni chemchemi, shangazi. Inarudi."

Mwanamke yule akawa kama hakusikia vizuri. "Hapa?"

"Hapa hapa."

Alifuta meza iliyokuwa safi. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Mkifungua kisima kimoja tu, mkavuta kidogo, nyumba haitakauka?"

Binti Qiao akatikisa kichwa.

"Najua," Mama Dashun akasema. "Nimeuliza tu."

Wakubwa wa Idara walikuja wakapima. Walikuwa na adabu, walivua kofia. Wakasema nyumba imesimama juu ya jicho la chemchemi, ardhi ambayo haikuwahi kugawiwa mtu, lakini kwa hali yake atapewa nyumba mjini, ghorofa ya tatu. Kijijini watu walishangilia, na siwalaumu. Wazee waliokuwa wamesahau ladha ya maji yale walishuka na vikombe. Zhankui alishaanza kupanga njia ya mawe na mahali pa kuuzia wageni chai.

"Shemeji, una bahati," akamwambia. "Kule maji ya moto yanatoka ukutani. Utalala kama malkia."

"Nimelala baridi miaka yote hii, Zhankui. Ulinisikia nikilalamika?"

Akajikuna shingo akaondoka.

Siku ya kuhama tulikuwa watatu: yeye, mimi na binti Qiao, aliyekuja bila gari la kazi. Vyombo vya jikoni vilitoka upesi. Chumba cha Dashun ndicho kilichotushinda. Kilikuwa upande wa chini kabisa na maji yalishafunika vifundo vya miguu, meupe na baridi, yakisukuma mchanga kidogo kidogo katikati ya matofali kama kitu kinachopumua. Koti lake la kazi lilikuwa bado msumarini. Baiskeli imeegemea ukuta. Mama Dashun alishika koti, akaliweka, akashika beseni lake la kunawia, akaliweka, akasimama katikati ya chumba sketi yake ikilowa.

Binti Qiao alikuwa amebeba godoro la kijana kichwani, linachuruzika maji mgongoni mwake. Akalitua.

"Nisamehe, shangazi."

"Kwa lipi? Kazi yako umeifanya vizuri. Ndiyo hii."

Akainama akayachota maji kwa mikono miwili, akayatazama yakivuja vidoleni.

"Yangekuwa hapa mwaka ule," akasema, "mwanangu angeshuka kufuata nini?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama ndani ya maji, kama tulivyolia siku Dashun alipotolewa shimoni. Binti Qiao alitaka kumshika, akasita, akabaki na mikono hewani. Mimi ndiye niliyemshika. Tulichukua koti tu. Vingine alisema tuviache.

Katapila lilibomoa nyumba kwa asubuhi moja. Walichimbua matofali, wakasafisha kisima cha chemchemi, na ndani ya mwezi maji yakawa yanatembea hadi kwenye mtaro wa zamani. Wageni walianza kuja na watoto wao. Kulikuwa na sherehe, ngoma, hotuba. Binti Qiao alitajwa jina na kupigiwa makofi. Alisimama akainama, akakaa, na kabla ya chakula alikuwa ameondoka. Mama Dashun hakuja.

Nilikwenda kumtembelea mjini. Nyumba ilikuwa kavu, nyeupe, ina joto. Alinipikia mikate ya mvuke katika jiko asilolipenda. Mpwa wake anayeishi ghorofa ya chini aliniambia kuwa kila asubuhi anamkuta amepiga magoti akipapasa sakafu kwa viganja, chumba baada ya chumba. Mama Dashun alipokuwa ananisindikiza kwenye ngazi aliniambia jambo moja tu la maana.

"Mwenzangu, nikifa mnirudishe juu shambani, nilale na hao wawili."

Nilimwahidi. Sikujua kwamba Idara ilikuwa imeshazungushia chemchemi eneo la hifadhi, na lile shamba la juu liko ndani yake. Ndani ya eneo hilo hakuna banda la nguruwe, hakuna dawa ya kuulia wadudu, na hakuna kaburi jipya, kwa kuwa kinachozikwa juu hushuka na mvua hadi kwenye maji. Makaburi ya zamani yanaachwa. Sheria yenyewe siwezi kuiita mbaya. Sisi ndio tunaoyanywa maji hayo.

Alifariki kabla ya mwaka mpya, usingizini. Zhankui, ambaye safari hii macho yake yalikuwa mekundu, alikwenda mwenyewe ofisini kuomba. Wakamkatalia. Nilimpigia simu binti Qiao, aliyekuwa amehamishiwa wilaya nyingine kaskazini.

"Hawezi kwenda kwao, mama," akaniambia. "Ramani ya hifadhi nimeichora mimi. Lakini wao wanaweza kuja kwake."

Alikuja na kibali cha kuhamisha makaburi, na alikuja na jembe. Tulipanda na vijana wa ukoo kwenye shamba la juu, tukatandaza kitambaa chekundu, tukawatoa mzee Hou na Dashun, mfupa mmoja mmoja, tukawaeleza kwa majina kwamba tunahama, wasiogope njia. Binti Qiao alishika mwavuli mweusi juu ya mifupa isipigwe na jua, kama afanyavyo mtoto wa nyumba. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemzuia.

Tukawazika watatu ng'ambo ya kilima, kwenye makaburi ya tarafa, mahali penye upepo mwingi na mawe. Koti tuliliweka katikati. Zhankui akamimina pombe, wanawake wakachoma karatasi, na binti Qiao akapiga paji la uso chini kama ukoo unavyofanya, kisha akabaki palepale, magoti kwenye changarawe, wengine tukiwa tumeshaanza kushuka.

Nilirudi kumwita. "Inuka, mwanangu. Baridi itakuingia."

"Hata siku moja sikumwomba ruhusa, si ya kisima, si ya nyumba," akasema. "Alinipa tu."

Nikamshika mkono, tukashuka.