Kofia za Mana Shamsi

Mwanarehema alikuwa na duka la vikoi na mashati ya ufukweni huko Kisauni, kando ya njia waliyopitia watalii wa hoteli za Nyali. Miaka ya themanini biashara ilimnyookea hasa. Ilikuwa nadra Mzungu aingie atoke mikono mitupu. Kisha vikazuka vita vya Ghuba. Watalii wakaogopa kupanda ndege, hoteli zikabaki na walinzi tu, na jirani yake Ruwa, muuza vinyago, akafunga duka arudi kulima kwao Kaloleni.

Kabla ya kuondoka alimshauri naye afunge asije akala mtaji. Mwanarehema hakukubali.

"Vita havijamvua mtu nguo, Ruwa. Watu watavaa tu. Ni mimi ambaye sijajua watavaa nini."

Akawa anafungua kila asubuhi, anafuta vumbi, anawaamkia wapita njia kwa bashasha ile ile, na huku moyoni hofu yamla.

Mwaka huo huo Somalia nayo ikawaka, na wakimbizi wakamiminika Mombasa. Siku moja akaingia mama mmoja wa Barawa, mji wa Waswahili huko pwani ya Somalia, jina lake Mana Shamsi, akauliza kama pana bafta. Kiswahili chake kilikuwa cha kale, kina maneno ambayo Mwanarehema hakuyasikia tangu bibi yake afariki. Akamtilia kahawa, wakazungumza mpaka adhuhuri. Mana Shamsi alisimulia kwamba kwao alikuwa mshona kofia, na katika kukimbia hakuokoa kitu ila watoto na sindano zake.

Mwanarehema akashusha jora la bafta alilokuwa ameliweka kwa ajili ya mashati ya watalii, akalikunjua mbele yake.

"Keti hapa barazani, dadangu, ushone. Mimi nitauza, na tutakachopata ni chetu sote, inshallah."

Kofia ya kwanza aliinunua imamu wa mtaani, na waliomwona nayo wakauliza ilikotoka. Kufikia Maulidi, wanaume walikuwa wakija kuzitafuta kutoka Likoni na Changamwe.

Baadaye vita vya Ghuba vikasahauliwa, watalii wakarudi. Ruwa naye akarudi na vinyago vyake. Mana Shamsi akachukuliwa na wanawe kwenda Uingereza, nao wakaagana kwa machozi.

Hata leo, Mwanarehema akihadithia habari za duka lake, ile miaka ya neema huipita mbio. Hukawia kwenye mwaka ule wa shida: wanawake wawili barazani, mmoja ashona, mwingine aita wateja.