Si Sukari, ni Kamaimai

Kwetu kisiwani Maiana mgeni hamalizi kukunja miguu mkekani kabla hajapewa kinywaji. Kwa hiyo siku nesi Teretia alipokuja kumwambia baba kwamba ana ugonjwa wa sukari, nilikuwa nimeshamkorogea kikombe cha kamaimai na maji. Kamaimai ni tembo la mnazi lisilochacha, linalochemshwa mpaka liwe zito na jekundu kama asali. Baba aligema, mimi nikapika. Nesi akanywa, akafumba macho.

"Mzee Tekoti, hii umegema wewe?"

"Nani mwingine? Vijana wa siku hizi wakipanda mnazi hata kuimba hawajui."

Wagema wetu huimba wakiwa juu, asubuhi na jioni, ili walio chini wajue wapo. Sauti ya baba ilikuwa mbaya, na aliipaza kuliko wote.

Nesi akacheka, akaweka kikombe chini. "Haya, nisikilize baba yangu. Sukari basi. Soda basi, biskuti basi, wali punguza. Rudi kwenye vyakula vya kwetu. Ukifanya mchezo, huo mguu utaondoka."

Kwenye kidole gumba cha mguu baba alikuwa na kidonda kidogo, kakatwa na matumbawe.

"Mguu ndio ngazi yangu," baba akasema. "Sukari naiacha leo."

Na aliiacha. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaosema alikuwa na kichwa kigumu, nao ni waongo. Kopo letu la sukari alimpelekea jirani yetu Rotee siku ileile, na Rotee hakumwacha hivihivi.

"Makubwa! Tekoti, umeokoka?"

"Kula wewe. Mimi nala vya kwetu."

Samaki wa kuchoma, shelisheli, nazi. Shelisheli alichovya kwenye kamaimai. Chai nilimtilia kamaimai, maana mtu mzima hanyweshwi maji machungu kama anayeadhibiwa. Nikaanza kupika sufuria mbili badala ya moja. Nilijiona daktari.

Kidonda kikakua. Kikafika unyayoni, kikawa cheusi, na baba aliendelea kupanda akiwa amekifunga kitambaa, akiimba. Mwishowe tukampeleka hospitali ya Tarawa kwa boti. Alirudi na mguu mmoja.

Nesi Teretia alikuja kumwona. Mimi nilikuwa jikoni, akanifuata huko.

"Bwereia, niambie kweli. Sukari mliirudia?"

"Hata chembe."

"Anakunywa nini?"

"Maji. Na kamaimai."

"Kamaimai ni sukari, mdogo wangu."

"Si sukari! Sukari inatoka dukani. Hii inatoka kwenye mnazi wetu. Mbona wewe mwenyewe uliinywa hapahapa ukaisifu?"

Nilidhani atanikaripia. Akaegemea nguzo. "Nilisema vya kwetu," akasema, taratibu, na machozi yakamtoka. "Nilisema vya kwetu, na kikombe chenyewe mbele yangu."

Nilimchukia. Nilimchukia mpaka alipoondoka, kisha chuki ikakosa mtu wa kumshika, ikanirudia. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu mimi. Nililia pale jikoni hadi moto ukazimika, na sikuwa na haki ya kufarijiwa na yeyote.

Kumficha baba sikuweza. Nilikaa karibu naye mkekani, nikamwambia yote.

Baba hakuniangalia. "Mnazi ule kitovu changu kimezikwa chini yake," akasema. "Hauwezi kunila."

"Baba, ni kamaimai. Na mimi ndiye niliyekutilia."

Mkono wake ulishuka kupapasa pale ambapo mguu haupo, ukarudi.

"Ilikuwa tamu, mwanangu," akasema.

Angenitukana ningeona nafuu.

Siku hizi hakuna anayegema mnazi ule. Makarara, vifuko vya maua alivyokuwa akivikata, yamefunguka yenyewe, na nazi changa zimeanza kushika. Chai yake ni chungu, anainywa bila kulalamika, na jambo hilo linaniuma kuliko malalamiko.

Jana jioni, saa ya kugema, nilikuwa naanua nguo na Rotee anafagia uwanja wake. Ghafla tukasikia sauti ile mbaya ikiimba wimbo wa juu ya mnazi. Rotee aliacha ufagio, akainua uso kwenye kilele cha mnazi, akamtafuta. Na mimi, ninayejua kila kitu, niliinua uso wangu pia.

Baba alikuwa nyuma yetu, chini, kwenye mkeka.