Mshale wa Kwenda Eldoret

Anko Zachary haamini kitu ambacho hakukiona kikitengenezwa. Kwa hiyo asubuhi ile, tulipokaribia raundabauti ya Kitale na kuikuta imepakwa mistari mipya, nilijua tuna shida.

Mstari mweupe uligawa barabara kuwa leni mbili, na juu yake walikuwa wamesimamisha vijiti vya plastiki ili dereva asibadilishe mawazo. Kushoto palichorwa mshale uliokunja kwenda Eldoret. Kulia, mshale ulionyooka kwenda Bungoma. Tangu nianze kuendesha gari, watu wa hapa hukaa kushoto, wakazunguka na kutokea wanakotaka. Sasa magari yalibanana huko huko kushoto yakipigiana honi, na leni ya kulia ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu.

Tuliegesha kando. Anko alikuwa kwenye Probox yake pamoja na wazee wawili. Mimi niliendesha gari la kaka yangu Kibe, yeye akiwa pembeni yangu na Mama nyuma.

Anko alishusha kioo. "Kwa nini hakuna mtu hapo kulia?"

"Wanaogopa, Anko. Lakini mshale unasema Bungoma ni hapo."

"Mshale umechorwa na nani? Ulimwona?"

"Watu wa barabara."

"Watu gani? Wiki jana hakukuwa na kitu! Hiyo ni mtego, Tabby. Ukiingia hapo, unapata polisi mbele anakungoja."

Mwendesha boda aliyesimama karibu akacheka. "Mzee, fuata mshale bana! Kushoto ni Eldi!"

Anko akapandisha kioo nusu. "Umesikia? Hata huyo wamemlipa."

"Tabby, twende," Kibe alininong'oneza. "Leo ikiharibika, basi."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Tulikuwa tunaenda Bungoma kwa kina Nekoye, msichana ambaye Kibe anataka kumwoa, na hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza mama yake Nekoye alituwekea kuku mezani, na Anko, msemaji wetu, akamwambia auonje mchuzi kwanza yeye mwenyewe. Mbele ya ukoo mzima! Mzee Hesbon, baba yake Nekoye, alisimama akasema, "Nitawapokea mara moja tu tena. Mkinidharau, msichana wangu haolewi huko kwenu."

Niliingia leni ya kulia. Anko akaenda kushoto. Kwenye kioo niliona Probox ikisukumwa na malori kuelekea Eldoret, mkono wake ukipunga nje ya dirisha kama mtu anayezama.

Mama akampigia, akaweka spika.

"Nigeuke wapi?" Anko alifoka. "Kuna vijiti mpaka huko mbele! Na Tabby alijuaje?"

"Nilisoma mshale, Anko."

"Ati alisoma! Huyo alijua." Akakata.

"Tumngoje?" Mama aliuliza.

Niliongeza mwendo.

Kwa Mzee Hesbon, wageni wa posa hawaketi kabla msemaji wao hajasema kilichowaleta. Alitupokea langoni, akachungulia nyuma ya gari letu, akatazama barabara.

"Wazee wenu wako wapi?"

"Mistari mipya ya Kitale imewapeleka njia ya Eldoret," nilisema.

"Mara ya kwanza sumu, leo raundabauti." Hakutabasamu. "Ama mmeleta wanawake ndio kesho mseme hamkuahidi kitu?"

Dada yake, Pauline, alikuwa ameegemea pikapu yake. "Wacha kumkaanga mtoto wa watu, kaka. Si hiyo mishale ilinipeleka na viazi zangu Jumanne mpaka nikageuzia Moi's Bridge?"

Watu wakacheka. Hesbon hakucheka, ila alisogea kidogo kutoka langoni.

"Haya. Nani anawasemea?"

Kibe hakuruhusiwa kujisemea. Mama aliinamisha kichwa. Nikafunga mlango wa gari nikasogea mbele.

"Mimi, baba."

"Wewe ni msichana."

"Ndiyo. Na nimeletwa na jambo la watu wazima."

Hesbon alikunja mikono kifuani. "Basi kabla ya ng'ombe, tuanze na kuku."

Nilimgeukia mama yake Nekoye aliyesimama nyuma ya mumewe, si Hesbon. "Mama, ulituchinjia kuku wako, na sisi tukakuonjesha mchuzi kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Familia yetu ya Ngige ilikukosea. Sina sababu ya kukupa. Tunaomba msamaha."

Aliingia jikoni, akarudi na bakuli, na juu kabisa palikuwa na firigisi, ile ambayo nyumba ile humwekea mgeni mwanamume aliye mkubwa kuliko wote. Akanipa mimi. Niliila nikiwa nimesimama langoni, mbele ya kila mtu, na Hesbon akaagiza viti.

Anko alipofika, ng'ombe walikuwa wameshazungumzwa na Nekoye alikuwa ameketi karibu na Kibe. Alisikia habari yote kutoka kwa Pauline, kisha akanivuta nyuma ya ghala la mahindi.

"Ulipanga hii kitu. Ulinitupa Eldoret makusudi."

"Nilikuambia kulia."

"Uliniambia ukijua sitakuamini!" Alipumua kwa nguvu. "Na umeomba msamaha kwa jina la nani? Mimi sikukosa. Chakula cha watu usiowajua kinaonjwa. Sasa utaenda pale, utafuta hayo maneno, na utaniomba radhi mbele ya hawa wazee niliokuja nao."

"Sifuti."

"Basi niombe radhi mimi."

"Msamaha nimemwomba aliyekosewa, Anko. Wewe sikuombi."