Siku Ishirini na Moja

Yai la kuku huanguliwa baada ya siku ishirini na moja. Hilo si suala la maoni. Ndivyo nilivyoandika kwenye mpango wangu wa somo mwanzoni mwa Februari, nikiwa katika muhula wa mwisho wa chuo, nikifanya mazoezi ya kufundisha darasa la pili katika mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Iowa. Mayai kumi na mawili yangeingia kwenye mashine ya kuangulia Jumanne tarehe 20 Februari. Vifaranga wangetoka Jumanne tarehe 12 Machi, siku tatu kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya majira ya kuchipua.

Mwalimu mlezi wangu, Bi Lorraine Pruitt, aliusoma mpango, akakata ile "20" kwa kalamu ya kijani na kuandika juu yake "27".

"Tarehe 27 mkurugenzi wa elimu wa wilaya anakuja na mpiga picha wa gazeti," alisema. "Watoto wanaweka mayai, yeye amesimama nyuma yao. Picha nzuri hiyo."

"Ni nzuri, Bi Pruitt. Lakini yataanguliwa tarehe 19. Tutakuwa likizoni."

"Aa, mwanangu. Mayai hayasomi kalenda. Mara yanawahi, mara yanachelewa."

"Siku moja, sanasana mbili. Hayawezi kuwahi siku nne."

"Mimi niko darasa hili mwaka wa ishirini na nane. Wewe una wiki ngapi?"

"Nne."

Alicheka, tena bila ubaya, akanigonga begani na ule mpango. Niliuweka kwenye faili. Sikuwa na hila yoyote. Huwa situpi karatasi.

Chuoni niliingia kusomea ufamasia. Mwaka wa pili nilijitolea mara moja kwa wiki kwenye maktaba ya mji, nikiwasaidia hesabu watoto wa wafanyakazi wa machinjio ya nguruwe, na kufikia Desemba nilikuwa naenda mara nne. Nikahamia ualimu. Baba, ambaye hufuga nguruwe na hupenda kujua bei ya kila kitu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umebadilisha mshahara kwa likizo," alisema.

"Likizo yenyewe haina mshahara, Baba."

"Basi umebadilisha kwa nini, Greta?"

Nilimwambia atanielewa nikishapata leseni. Na mwaka huo wa mwisho ilikuwa karibu: shule moja ya kaunti ya jirani ilikuwa imekwisha kunipa kazi kuanzia Agosti, kwa sharti kwamba leseni iwe mkononi. Kuipata, nilihitaji alama mbili au zaidi kati ya nne katika kila kipengele cha tathmini. Anayepata moja hurudia wiki sita muhula wa vuli, na leseni yake hutoka Desemba.

Mayai yaliingia kwenye mashine tarehe 27, picha ikapigwa. Watoto walitengeneza mnyororo wa pete ishirini na moja za karatasi, tukautundika dirishani, na kila siku mmoja alikata pete. Jumatatu zilikatwa tatu, kufidia Jumamosi na Jumapili. Mlinzi wa zoezi hilo alikuwa Odalys, mtoto wa miaka saba asiyekubali makosa ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Ijumaa tarehe 15 Machi, saa ya kwenda nyumbani, Odalys alisimama chini ya mnyororo.

"Zimebaki nne," alisema. "Na sisi tunafunga leo. Nani ataona vifaranga?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Bi Pruitt aliniwahi.

"Mmekosea kuhesabu, wapenzi wangu. Bi Hoekstra wetu hapa alisahau kwamba mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa. Hutokea, mwalimu akiwa bado anajifunza."

"Hatukuisahau," Odalys alisema. "Hiyo siku niliikata mimi."

"Odalys, vaa koti."

Nataka jambo hili lieleweke jinsi lilivyo. Siku moja iliyosahauliwa haiwezi kusogeza tarehe kwa wiki nzima. Pili, haikusahauliwa. Tatu, na hili ndilo lililoniudhi zaidi, watoto kumi na tisa walikuwa wamehesabu sawasawa kwa siku kumi na saba, wakaambiwa na mwalimu wao kwamba hesabu yao ina kosa. Niliwatazama wakivaa makoti. Wawili walikuwa bado wanautazama mnyororo, wakitafuta walipokosea.

Baada ya basi kuondoka, Bi Pruitt alinipa bahasha. Gari lake lilikuwa limekwisha kupakiwa. Jioni hiyo alikuwa anaelekea Arizona kwa dada yake.

"Tathmini yako ya kati ya muhula. Usiisome leo, utaharibu likizo."

"Na mayai?"

"Mtunza jengo anazima umeme wa madarasa saa kumi na moja. Yatupe tu. Jumatatu ya kurudi tutawaambia hayakufaulu, maisha ndivyo yalivyo."

Niliisoma palepale. Kipengele cha kupanga masomo: moja. Maelezo: "Hakukokotoa siku za kuangua. Darasa limekosa tukio kuu la muhula."

Nilikuwa nimepanga kwenda pwani ya Alabama na wenzangu watatu tunaoishi pamoja. Mwendo wa saa kumi na sita barabarani. Nyumba ilikuwa imekodiwa tangu Novemba. Tamsin, aliyepanga safari yote, alinikuta jikoni nikiunganisha mashine ya mayai karibu na friji.

"Niambie hicho ni kikaangio," alisema.

"Siwezi kwenda."

"Greta, acha utani. Kwa ajili ya mayai?"

"Watoto wameambiwa hesabu yao ni mbaya. Wakirudi wakute vifaranga wana umri sahihi."

"Umri sahihi! We mwanamke, kuna watu wanaachwa na wachumba ndiyo wanakosa likizo. Wewe umeachwa na kuku."

Alinikumbatia, hata hivyo, na asubuhi wakaondoka. Mimi nilibaki na kipimajoto, digrii mia kasoro nusu za Farenhaiti, na maji ya kuongeza unyevu. Yai la kwanza lilipasuka Jumanne tarehe 19, saa tatu asubuhi. Kufikia Jumatano mchana walikuwa saba. Kila mmoja nilimpiga picha yenye tarehe na saa.

Jumatatu ya kurudi niliwaleta kwenye sanduku la kadibodi, chini ya taa. Watoto walipiga kelele mpaka darasa la tatu wakaja kuchungulia. Bi Pruitt, mwenye rangi ya jua la Arizona, alimwambia mkuu wa shule mlangoni, "Tumeangua saba," kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. Tumeangua.

Saa tisa tulikaa watatu: yeye, mimi, na Dakta Ostrem, msimamizi wangu kutoka chuo, mzee mpole aliyewahi kuwa mkuu wa shule na aliyechukia ugomvi kuliko vumbi la chaki. Nilimwekea mezani mpango wa somo, kalamu ya kijani ikionekana wazi, na picha saba.

Aliusoma mara mbili.

"Lorraine, huu ni mwandiko wako?"

"Nilipendekeza," Bi Pruitt alisema. "Mpango ni wake. Angeweza kukataa."

"Nilikataa," nilisema. "Ukaniuliza nina wiki ngapi."

Dakta Ostrem alivua miwani. "Tusikuze mambo. Lorraine, unaonaje tukiandika tatu?"

"Tatu haina tabu kwangu," Bi Pruitt alisema haraka. "Ila suala la watoto limekwisha. Sitaki kusikia habari za tarehe darasani. Unawachanganya."

"Wamekwisha kuchanganywa," nilisema. "Waambie walihesabu sawa. Ni sentensi moja."

"Kwamba mwalimu wao aliwadanganya? Kwa sababu ya kuku?"

"Si lazima useme hivyo. Sema tarehe uliibadilisha wewe."

"Binti," Dakta Ostrem alisema, "tatu unaijua maana yake? Ni leseni Mei na kazi Agosti. Chukua."

Niliuliza kama kukaa kimya ni sharti la hiyo tatu. Alimtazama Bi Pruitt. Bi Pruitt alitazama saa.

"Ni sharti," alisema.

"Basi iacheni moja. Nitaambatisha maelezo yangu na nakala ya huu mpango."

"Kamati ya chuo ya malalamiko inakaa Juni," Dakta Ostrem alisema kwa sauti ya chini. "Ile shule haitakusubiri."

"Najua."

Nilijua, na nilikuwa na hasira, maana wote wawili walijua ukweli na bado ni mimi niliyetakiwa kuulipia. Nilitia saini chini ya ile moja, nikaandika tarehe.

Kesho yake kipindi cha hesabu kilikuwa changu. Bi Pruitt alikaa nyuma, akisahihisha madaftari. Nilichora kalenda ya Februari na Machi ubaoni, siku ishirini na tisa na thelathini na moja, nikawaomba watoto wahesabu kwa sauti kuanzia siku iliyofuata ile ya kuweka mayai. Walifika ishirini na moja kwenye tarehe 19. Niliwaonyesha picha ya kifaranga wa kwanza na tarehe yake.

Kisha Odalys, bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo tulihesabu sawa."

"Mlihesabu sawa. Wote. Kila siku."

"Sasa nani alikosea?"

Kalamu ya kijani ilisimama.

"Mayai yalipangwa kuingia tarehe 20," nilisema. "Bi Pruitt aliisogeza tarehe ikawa 27. Hesabu yenu haikuwa na kosa."

Vichwa kumi na tisa viligeuka nyuma. Bi Pruitt alikuwa amekwisha simama, uso wote mwekundu.

"Bi Hoekstra, toka nje tuongee. Sasa hivi."

"Nikimaliza somo," nilisema, nikampa Odalys chaki aje aandike tarehe.