Kukhu Nabalayo Hajafa

Baba mkubwa Wanyonyi aliniambia nimrudishe marehemu kaburini, nikamwambia sitamrudisha. Tulikuwa sebuleni kwake Kayole, mwaka wa 1999, watu wazima wawili tunagombania kisanduku kidogo ndani ya kompyuta ambayo haikuwa hata kwenye nyumba ile. Nasema mapema ili ijulikane nilisimama upande gani.

Mti wa ukoo wetu ulianzishwa na dadangu Nabiswa, binti ya huyo huyo baba mkubwa, aliyekuwa akisomea uuguzi Marekani. Alipata huko tovuti ambapo kila mtu wa ukoo hupewa ukurasa wake: jina, wazazi, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, watoto. Akajazajaza mpaka akafika kwa babu yetu, akakwama, kwa sababu waliojua mambo ya nyuma ya babu hawakuwa Marekani. Walikuwa Kayole, Umoja na Bungoma, tena wengi walikuwa wamezeeka. Basi akanitumia neno la siri, akanikabidhi kazi. Kila Jumamosi nikitoka kiwandani, ambako nilikuwa mpiga chapa, nilipitia saiba ya Chege pale Buruburu, nikakaa mbele ya kompyuta na kusubiri ukurasa ufunguke polepole kama uji unaochemka kwa jiko la makaa mabichi.

Nina namna yangu ya kufanya kazi, na sipendi kuingiliwa. Siandiki kwanza. Kwanza naenda kwa mzee, nakunywa chai yake, namwacha awalalamikie watoto wake mpaka achoke. Kisha nauliza. Simwulizi alizaliwa mwaka gani, maana atanibunia mwaka ili nifurahi. Namwuliza rika lake la tohara, alitahiriwa pamoja na nani, nzige walipokuja alikuwa anachunga au ameshaoa. Hayo hayo naenda kumwuliza mtu asiyempenda. Watu wawili wasiosalimiana wakikubaliana, mimi naandika. Halafu nautoa ukurasa kwenye karatasi, nawarudia, nawasomea kwa sauti, na hapo ndipo wanaanza kunisahihisha vizuri, kwa hasira.

Na waliokufa wana sheria yao. Siandiki kwamba mtu amekufa mpaka nizungumze na aliyekuwa kwenye mazishi. Nabiswa alinicheka, akasema nimekuwa kama polisi. Nikamjibu kwamba kumwua mtu kwa kidole ni rahisi mno, lazima pawe na mtu wa kuuliza maswali.

Sheria hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa jina langu mwenyewe. Nabiswa alikuwa ameshaandika, kwa maneno ya baba yake, kwamba babu yetu alikuwa na dada aliyeitwa Nabalayo, binti Wekulo, aliyekufa msichana mwaka wa 1938, bila mume, bila mtoto. Huyo ndiye niliyeitwa kwa jina lake. Kwetu Bukusu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee huanza kuwataja marehemu mmoja mmoja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Mimi inasemekana nililia mpaka majirani wakahama ploti, walipotaja Nabalayo nikanyamaza. Nimesimuliwa habari hiyo tangu utotoni kwa fahari kubwa.

Basi nikamtafuta aliyemzika. Alikuwa amebaki mmoja, mzee Nalianya, anayeishi kwa mwanawe huko Umoja. Nilikunywa chai, nikasikiliza malalamiko, nikauliza. Mzee akaniambia ni kweli alichimba kaburi lile akiwa kijana, na ni kweli walizika. Lakini walizika mgomba. Shina la mgomba lililofungwa kwa nguo, kama wanavyofanya mtu akipotea asipatikane maiti. Tofauti ni kwamba huyu hakuwa amepotea. Alikuwa ametoroka mume mzee aliyechaguliwa, akapanda treni kuja Nairobi, na baba yake Wekulo akaapa kwamba kuanzia siku hiyo hana binti. Nalianya aliongeza kwamba mama wa msichana aliulilia ule mgomba kama mtu. Na kwamba miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe alimwona Nabalayo Majengo amevaa buibui, wakatazamana, kila mmoja akaenda zake.

Nilitoka pale haraka. Nilikuwa na hasira, na sikujua hata nimkasirikie nani, wote walikuwa udongoni isipokuwa aliyezikwa.

Majengo si mbali. Ukitoka Gikomba na mitumba yake unaingia tu. Nilikwenda Jumapili, nikauliza kwenye duka la Haidari, kwa sababu mwenye duka anajua nani ananunua nini na kwa miaka mingapi. Nikamweleza natafuta mama mzee sana, Mwislamu, asili yake Bungoma, aliyeng'olewa meno mawili ya chini kama walivyong'olewa wasichana wa kwetu zamani. Haidari akaniuliza kama ni deni au ni mirathi. Nikamwambia ni udugu. Akasema basi huo ni mpya, maana Bi Kadija hajawahi kupata mgeni wa kwao tangu yeye Haidari azaliwe.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, mabati yamekula kutu, vyumba vimepangishwa, na ukumbi umefagiliwa ukafagilika. Aliijenga mwenyewe kwa kupika mandazi na chapati, peke yake, wakati ambapo mwanamke wa kwetu hakuwa anamiliki hata kuku. Nilimsalimu, nikampa shikamoo, nikamwita kukhu, yaani bibi, nikamwambia naitwa Nabalayo, mjukuu wa kaka yake.

"Nani kakupa jina langu?" akauliza.

Hakuuliza kwa upole. Nikalazimika kumweleza yote, mgomba, kaburi, mimi kulia, mimi kunyamaza. Alisikiliza mikono iko mapajani. Hakuwa anajua kwamba alizikwa. Alidhani wamemkasirikia tu. Nilipofika kwa mama yake kuulilia mgomba, alijifunika uso kwa upindo wa mtandio na mimi nikatazama ukutani. Kisha akajifunua, akaniuliza hicho kitabu cha kompyuta kinasomwa na nani. Nikamwambia na yeyote, dunia nzima. Akauliza dunia nzima inaambiwa yeye amekufa? Nikamwambia ndiyo.

"Sitaki ng'ombe wao, sitaki shamba lao," akasema. "Nitoe humo kabla sijafa kweli. Nikifa kweli itakuwa hamna haja."

Jumamosi iliyofuata nikafuta mwaka wa 1938, nikaacha pale wazi. Jumatatu jioni Wanyonyi akaniita Kayole. Nabiswa alikuwa amemwuliza baba yake kwa simu, bila ubaya, kwa nini mwaka umetoka. Ndipo tukafikia maneno niliyoanza nayo.

Baba mkubwa si mtu mbaya. Ni mzee wa kanisa, amesomesha watoto wa ndugu zake, mimi nikiwemo. Lakini Desemba ukoo mzima ulikuwa unakutana Bungoma kwa ibada ya shukrani, mti ulikuwa utolewe kwenye karatasi kubwa, ubandikwe ukutani kila mtu ajione. Hakutaka watu wamwone shangazi aliyekaa Majengo peke yake akabadilisha dini, kwa sababu ukoo una neno moja tu la kumwita mwanamke wa namna hiyo, na alijua litasemwa. Hayo ningeweza kuyavumilia nikabishana polepole. Kilichonichoma ni kingine.

"Jina la mtu aliye hai halipewi mtoto," akasema. "Ukisema huyo mama yuko, wewe uliitwa kwa nani? Utakuwa mtu bila jina."

"Basi nitakuwa sina," nikamwambia. "Nitangoja nipewe lingine. Lakini yeye hajafa."

Akasema pengine hata si yeye, ni mwanamke fulani tu wa Majengo anayetafuta ndugu. Akaniambia nimlete, kama yuko. Alisema hivyo akijua kabisa kwamba mtu aliyekaa miaka sitini bila kutazama nyuma haji Kayole kunywa chai. Na kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshampigia simu Nabiswa arudishe mwaka ule na abadilishe neno la siri, ili nisiguse tena.

Nabiswa alitii. Jumamosi nilipofungua barua zangu kwa Chege nikakuta ameniandikia mistari miwili. Kwamba amerudisha mwaka kama baba alivyoagiza, na amebadilisha neno la siri kama baba alivyoagiza. Kwamba neno la siri jipya ni hili hapa, baba hakuagiza asiniambie. Nilicheka peke yangu mpaka Chege akageuka kunitazama.

Ningeweza kufuta siku ile ile. Sikufuta. Nilitaka kwanza baba mkubwa amwone kwa macho.

Bi Kadija alikuja. Alikuja na buibui jipya na mkoba mkononi, akapanda ngazi za lile jengo la Kayole akipumzika kila ghorofa, akakataa nimshike. Sebuleni walikuwa baba mkubwa, mke wake, na mzee Nalianya ambaye nilikuwa nimemleta mimi, kwa sababu shahidi ni shahidi. Nalianya alipomwona tu akasimama, akavua kofia. Baba mkubwa akamwona Nalianya amevua kofia, na nadhani hapo alijua kwamba habari ya mwanamke fulani tu imekwisha.

Hata hivyo hakukubali. Aliongea naye kwa adabu, akamwita mama, hakumwita senge, ambalo ndilo neno letu la kumwita dada ya baba. Akamweleza kwamba hakuna mtu anayemchukia, ila mambo yameshazikwa na yameota nyasi. Akamwomba akubali kuandikwa Kadija, pembeni, kama rafiki wa ukoo, na jina Nabalayo libaki kwa msichana aliyelirithi. Alisema jina haliwezi kukaliwa na watu wawili walio hai. Alisema anamlinda huyu mtoto, yaani mimi, mwanamke wa miaka thelathini na moja.

Bi Kadija alimgeukia. Aliongea kwanza kwa Kibukusu, neno moja moja, kama mtu anayefungua mlango uliokwama, akamtajia baba mkubwa majina ya baba yake, babu yake, na ng'ombe dume aliyechinjwa siku baba yake alipotahiriwa. Kisha akaongea kwa Kiswahili, ili mke wa Wanyonyi, ambaye ni Mkamba, naye asikie.

"Wanyonyi, mimi ni senge wako, utake usitake. Kanga huuzwa doti, ukifika nyumbani unaikata. Moja nitavaa mimi, moja atavaa huyu. Wewe hukuinunua."

Mke wa baba mkubwa akaangalia chini kuficha kicheko. Baba mkubwa akasema atafikiria. Sikumngojea afikirie, na nilimwambia hivyo hapo hapo mlangoni, mbele ya watu, kwamba Jumamosi naenda kuandika, na Desemba akitaka kuchana ile karatasi ukutani aichane yeye mwenyewe watu wakimwona. Tangu siku hiyo mpaka leo hajaniomba nifute, na hajasema nimefanya vizuri.

Jumamosi Bi Kadija akasema anakuja. Chege alimpa kiti chenye mto, akamwita "shosh", yaani bibi, kwa heshima zote. Niliandika kila kitu nikimsomea: Nabalayo binti Wekulo, aitwaye pia Kadija, mwenye nyumba Majengo. Nilipofika kwenye kifo, safari hii sikuacha wazi. Palikuwa na mahali pa kuchagua, amekufa au anaishi. Nikachagua anaishi, nikahifadhi.

"Sasa siste, hebu toka ndani uone vile mtu wa nje anaona," Chege akaniambia. "Ukiwa ndani wewe unaona kila kitu."

Nikatoka, nikaufungua ukurasa kama mgeni. Jina lilikuwa limepotea. Kadija hayupo, Nabalayo hayupo, Majengo hakuna. Chini ya Wekulo palikuwa na kisanduku chenye neno moja la Kizungu. Nilipandwa na hasira. Nilidhani ni Wanyonyi tena. Chege akanieleza kwamba si mtu, ni sheria ya ile tovuti. Aliyekufa huonyeshwa jina na mambo yake yote, lakini aliye hai hufichwa ili watu wabaya wasimjue. Akanionyesha nilipo mimi, chini kabisa ya mti. Neno ni lile lile moja.

Nilibaki nimeshika kipanya, moyo umenivunjika. Kazi yote ile, ugomvi wote ule, na dunia bado haitaliona jina lake. Na alikuwa ameketi hapo kando yangu, miwani yangu machoni pake, akikisogelea kile kioo cha kompyuta.

"Wameandika nini?" akauliza.

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia jina lako hawalionyeshi, kukhu. Wameandika tu kwamba unaishi. Jina watalitoa siku utakapokufa.

Bi Kadija akavua miwani, akanirudishia, akaegemea ule mto wa Chege.

"Basi na wangoje," akasema.